Waache Marehemu Wapumzike

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu na watoto wote hapo nyumbani. Natumaini mgongo wako umepunguza makali, na kwamba ile dawa ya kuchua uliyonunua safari iliyopita imekufaa kuliko ilivyomfaa marehemu baba, ambaye aliambulia harufu tu. Mwambie wifi gauni alilonitumia limenikaa vizuri, ila mikono nimeifungua kidogo maana kazi ya kupanda ngazi imenitunisha mabega kama mpagazi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha wiki nzima, karakana inavuja palepale ilipokuwa ikivuja, na fundi wa paa bado anasema atakuja kesho.

Hiyo ndiyo hali ya mwili. Ukitaka kujua hali ya moyo, basi kaa kitako. Nina hasira, kaka. Nina hasira mpaka mkono unatetemeka, na mchora mabango akitetemeka mkono hana kazi. Juzi nimeharibu bango la duka la viatu, kiatu kikatoka kama bata, mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa na kaka yangu.

Nilingoja hasira zipoe. Nimekunywa maji, nimefagia karakana mara sijui ngapi, nimewafukuza kuku wa jirani ambao hawana hili wala lile. Wapi! Ndipo nikaona nikuandikie. Kwenye simu wewe huongei na mtu, unahutubia. Mtu akifungua mdomo aseme lake, wewe umeshafika kwenye “ndugu zangu wapendwa” na mwisho anajikuta anakupigia makofi. Barua huwezi kuikatiza, utanisikia mpaka mwisho.

Nianze na ule ukuta. Ni wewe uliyenipigia simu ukasema umenipatia kazi katika shule anayosoma binti yangu, huyu ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina la Kasuku kwa vile akisikia kitu mara moja anakirudia chote, mpaka kikohozi cha msemaji. Nilifurahi, sikufichi. Ukanituma nichore korido nzima kabla ya siku utakayokuja kuwahutubia wazazi, kuanzia mlango wa ofisi ya walimu mpaka kwenye mabomba, sura za watu mashuhuri wa historia. Yule mwanasayansi wa nywele timtim. Yule mchoraji wa kale mwenye ndevu za kufika kifuani. Yule wa mambo ya taa. Na mwisho kabisa, ili watu wa hapa nao wajione wamo, ukaniambia nimchore Mjenzi wa Daraja, ambaye kila mtoto wa mji huu amepita juu ya kazi yake akiwa bado mgongoni mwa mama. Juu yao niandike kwa herufi nyekundu kwamba wote hawa hawakuweza kusoma. Chini yao niandike, Na wewe je?

Nikachora. Zile nywele timtim zilinichosha, lakini zilitoka vizuri kuliko zote.

Siku ya hotuba yako nilikaa safu ya nyuma, rangi bado imo kwenye kucha. Ukumbi ulijaa wazazi hadi madirishani. Ukashuka jukwaani na kipaza sauti chako, unatembea katikati ya watu kama mwenye nyumba, ukasema mtoto asiyeweza kusoma si mzito, ana alama ya ujabari, na kwamba historia nzima imejengwa na watu ambao herufi ziliwakataa. Ukawataja mmoja mmoja. Kina mama walilia. Mwalimu mkuu alisimama akapiga makofi mpaka saa ikamchomoka mkononi. Na mimi nililia, kaka, kwa nini niseme uongo? Kasuku alikuwa amekaa chini, mbele kabisa, mdomo wazi. Usiku ule nyumbani aliirudia hotuba yako yote kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile mikono yako ya kukata hewa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Unajua Kasuku yuko darasa la nne na kusoma kwake ni vita. Kwa muda mrefu hatukujua. Kwa ile akili yake ya kurudia, alikuwa anashika hadithi nzima mwalimu akiisoma, kisha anafungua kitabu na kujifanya anasoma, kidole kinatembea, wala hakosei. Siku walipompa kitabu kigeni ndipo alipoumbuka. Wakampeleka kwenye kile chumba kidogo kando ya jiko la shule, kwa mwalimu mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ilikuwa hao tu, watoto wachache ambao herufi haziwatulii. Alikuwa na sinia la mchanga. Mtoto anaandika herufi kwa kidole, anaitamka, anaifuta, anaandika tena. Wanapiga makofi silabi moja moja. Kazi ya kuchosha, hata kuitazama inachosha.

Lakini ilishika, kaka! Jioni moja niko juu ya ngazi, namsikia Kasuku chini anatamka maneno kwa kukwama. Amekamata kopo langu la rangi, kidole juu ya maandishi, anavuta neno kwa neno kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Koroga. Vizuri. Kabla. Ya. Kutumia. Maneno hayo hakuna aliyewahi kumsomea. Nilishuka ile ngazi sijui vipi, nikamkumbatia, nikampaka rangi shati lote la shule.

Wiki moja tu baada ya hotuba yako, nilirudi shuleni kurekebisha zile herufi nyekundu, nikaenda jikoni kuomba maji ya kusafishia brashi. Nikapita kwenye kile chumba kidogo. Mlango uko wazi, ndani viti vya plastiki vimepangwa hadi darini. Lile sinia la mchanga limetupwa nje, chini ya bomba la mvua, na paka ameshalifanya choo. Nikasimama nikilitazama. Nikafikiri labda wamehama.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Alinipokea kwa tabasamu la kunipaka mafuta, akanieleza kwamba chumba kimefungwa, kwamba kuwatenga wale watoto kulikuwa kuwaonyesha kama wagonjwa, ilhali sasa tumeelimishwa kuwa ni majabari. Waachwe huru, vipaji vitajitokeza vyenyewe. Yule mwalimu mwembamba amepewa michezo na zamu ya kulinda geti. Nilipobisha, akaniuliza kwa mshangao kama kweli mimi, dada wa damu wa Kocha, kama wote wanavyokuita, siyajui mafundisho ya kaka yangu. Nilikuwa nimeshika brashi yenye rangi nyekundu, rangi ya maneno yako. Nilitamani nimpake nayo usoni.

Na Kasuku? Kasuku aliacha. Vitabu akavisukuma chini ya kitanda. Nikimwambia aje tusome mistari miwili tu, ananijibu kwa sauti yako kwamba ndege hafundishwi kutembea. Eti kusoma si kwa watu wa aina yake. Yeye anangoja kipaji chake. Na kwa kuwa hakikuja upesi, akaanza kukitafuta. Alifungua pasi yangu yote, skrubu kwa skrubu, aone kama yeye ni mvumbuzi. Haikurudi kuwa pasi, ndiyo maana siku hizi navaa nguo zimekunjamana. Akachukua rangi zangu akachora farasi, akatoka kama benchi lenye mkia. Akafunga kamba na ndoo bafuni kutengeneza mashine ambayo hata yeye hakujua ni ya nini, tukaogelea mpaka sebuleni. Siku nyingine namkuta amelala chali anatazama dari, namuuliza vipi, ananiambia nisimsumbue, anangoja wazo. Mwanzoni nilicheka. Nilikusimulia kwenye simu, nawe ukacheka, ukasema unaona sasa, damu ya jabari inachemka hiyo.

Haya. Turudi nyuma, kwenye wiki ileile kilipofungwa chumba, ukuta bado haujakauka sawasawa, akaja bibi mmoja na mwavuli. Mkunga mstaafu, mwili mdogo, lakini sauti yake ingeweza kusimamisha lori. Ni mjukuu wa Mjenzi wa Daraja. Alisimama mbele ya sura ya babu yake, akavaa miwani, akayasoma yale maandishi mekundu, akayasoma tena. Akauliza ni nani aliyechora. Nikasema mimi. Akauliza ni nani aliyesema babu yake hajui kusoma. Nikasema kaka yangu. Akauliza kama kaka yangu alikuwa rafiki wa babu yake. Kaka, nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamweleza ushahidi wako, ule unaoutangaza kila ukumbi, kwamba katika picha yake ya zamani iliyotundikwa ofisi za mji, Mjenzi wa Daraja ameshika kitabu miguu juu kichwa chini. Yule bibi akacheka, cheko la kutisha. Akaniambia kile si kitabu. Ni kipande cha mbao. Mpiga picha wa enzi zile alikuwa nacho studio, amekipaka rangi upande mmoja kifanane na kitabu, na kila aliyeingia kupiga picha alikabidhiwa akishike ili aonekane msomi. Bibi yake alipigwa picha nacho. Mwenye bucha vilevile. Hata kuna mtoto mchanga wa mtaa wao aliyelazwa kwenye mto, na kile kipande kimewekwa ubavuni kana kwamba amesinzia akisoma. Nusu ya mji walikishika juu chini kwa sababu kilikuwa mbao, nani angejali? Na huyo babu yake, akasema, kila jioni aliwasomea kwa sauti watu wa nyumbani, iwe hadithi iwe bei za saruji, mpaka wakawa wanajitia usingizi ili anyamaze. Akaniambia nimtoe babu yake ukutani, au atakuja mwenyewe na kisu cha jikoni amkwangue.

Nilikupigia simu palepale. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulicheka. Ukasema, kwani aliyeumia nani? Mzee amekufa zamani, hawezi kulalamika, na mtoto anapata moyo. Ukasema hata kama si kweli inatia moyo, na moyo ndio muhimu. Kisha ukasema unaingia ukumbini, watu wanakungoja.

Sawa. Nikaenda getini, nikamkuta yule mwalimu mwembamba na filimbi yake shingoni, analinda baiskeli. Nikamuuliza habari za wale wengine wa ukutani. Aliona haya kunijibu, kwa kuwa ni kaka yangu. Nilipomshikilia akaniambia kwamba yule wa nywele timtim alama zake za shule zinajulikana, na zilikuwa nzuri. Yule mwenye ndevu aliandika kinyumenyume, kweli, lakini alitumia mkono wa kushoto, na wataalamu wanabishana mpaka leo. Yule wa mambo ya taa alikuwa mgumu wa kusikia, na vitabu alivimeza. Akasema huenda kweli kati ya watu mashuhuri wa kale wapo waliokuwa na disleksia, yaani huo ugumu wa herufi kutotulia, lakini mifupa haipimwi kusoma, na kila mtu anamchukua marehemu amtakaye na kumvika maradhi ayatakayo. Hakuwa na hasira kama mimi. Alisema kinachomuuma ni kimoja tu, kwamba ugumu wenyewe ni wa kweli, upo, na mtoto aliye hai anafundishika. Ila kumfundisha ni kazi ya polepole isiyo na makofi. Kuchora ukuta ni rahisi zaidi, akasema, kisha akaniomba radhi kwa kuwa aliyechora ni mimi.

Yote hayo, kaka, ningeyameza. Nimemeza mengi yako tangu utotoni. Lakini Jumamosi iliyopita Kasuku alikuwa karakana ananisaidia kuosha brashi. Halafu akaniambia, bila kulia, bila kuniangalia, kwamba amejaribu kila kitu. Hawezi kuchora. Hawezi kutengeneza. Analala akingoja wazo na wazo haliji. Akasema wale wote wa ukutani hawakuweza kusoma, lakini kila mmoja alikuwa na kitu chake, na yeye hawezi kusoma na hana kitu, sasa yeye ni nani? Akaniuliza kama aliwahi kuwapo mtu yeyote ambaye hakuweza kusoma na akawa mtu wa kawaida tu.

Miaka kumi, kaka. Mtoto wa miaka kumi ananiuliza kama kuna ruhusa ya kuwa mtu wa kawaida. Umemchukua mtoto aliyekuwa na shida moja, ukampa mbili, kisha ukapanda basi ukaenda ukumbi mwingine.

Na hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Usipokuwa umekaa, kaa.

Nimemwambia habari zako. Zote. Ile ahadi uliyoniapisha nyuma ya tangi la maji tukiwa watoto, nimeivunja, na nakuambia kwa mdomo wangu kabla hujaisikia kwa mwingine.

Nimemwambia kwamba mjomba wake alimaliza shule hajui kusoma. Kwamba mimi mdogo wako, niliyekuwa darasa la chini yako, ndiye niliyekuwa nakusomea masomo yako nyuma ya lile tangi, wewe unayashika kichwani, na kesho yake unasimama darasani kitabu mkononi na kuyatiririsha, ukifungua kurasa pale nilipokuonyesha. Nimemwambia siku ulipofungua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, ukaendelea kusoma yaliyokuwa kwenye ukurasa uliouruka, na darasa zima likaanguka kwa kicheko, mwalimu naye akicheka. Ulirudi nyumbani bila kiatu kimoja kwa kukimbia. Ndiyo siku uliyoniapisha.

Nimemwambia pia kwamba ulijifunza ukiwa mtu mzima mwenye ndevu, kwa yule mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu. Unadhani sikuona? Mimi nilikuwa nakusindikiza, nakaa nje kwenye ngazi nikijitia kusuka. Alikuandikisha herufi kwa kidole kwenye unga uliomwagwa mezani, jitu zima, mkono mweupe hadi kiwikoni. Siku ulipomaliza ukurasa wa kwanza, ukurasa wa namna ya kuogesha mbuzi, nilikusikia dirishani ukilia. Na mpaka leo unasoma na rula chini ya mstari. Na wifi ukimwambia umesahau miwani akusomee, ni uongo, kaka, macho yako yanaona mpaka kunguru wa mtaa wa pili. Na hotuba zako zile unazishika kwa kuzisikiliza kwenye simu, tena na tena, mlango umefungwa.

Sisemi haya kukuvua nguo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya, na hukumwambia mtu. Unazunguka nchi ukiwasingizia marehemu ambao hawawezi kujitetea, unawavisha shida yako wewe, ili usiivae. Katika watu wote waliokuwa kwenye korido ile, mmoja tu habari zake zilikuwa kweli, naye alikuwa ameshika kipaza sauti anaonyesha ukuta. Hilo ndilo linalonichemsha. Si ule uongo peke yake, ni kwamba ulikuwa na ukweli mfukoni, ulioujua kuwa ungemfaa mtoto wangu, ukaukalia.

Kasuku aliposikia alikaa juu ya kopo la rangi. Aliuliza kama na wewe herufi zako zilikuwa zinatembea. Nikasema ndiyo, uliniambia zinatembea kama siafu. Akauliza ulizifanyaje. Nikasema mwalimu, unga, na muda mrefu sana. Kisha akauliza kwa nini basi mjomba alimweka yule mzee wa daraja ukutani na hakujiweka mwenyewe. Kaka, nikamwambia swali hilo nitakuandikia wewe. Baadaye aliniuliza kama tunaweza kwenda kuomba kile chumba kifunguliwe, viti atavitoa yeye.

Nimekwenda kuomba. Mwalimu mkuu hanisikilizi, na hasa sasa, maana juzi nimepiga chokaa korido yote kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nywele timtim na kila kitu, na ameapa sitashika brashi tena katika shule yake. Anakusikiliza wewe. Jumamosi ijayo kuna mkutano wa wazazi. Njoo. Simama mbele ya watu walewale uliowaliza, uwaambie ni nani hasa ambaye hakuweza kusoma, na alivyoweza. Waambie kile chumba kifunguliwe, mchanga urudi, mwalimu avue filimbi arudi kwa watoto wake. Njoo peke yako. Usije na maiti hata mmoja.

Usipoweza kusema, mimi sitasema kwa niaba yako. Nimemwambia mtu mmoja tu na huyo amenyamaza, nawe unajua kwake kunyamaza ni kazi. Lakini akiniuliza kwa nini mjomba hakuja, sitakutafutia udhuru. Nyudhuru zako nilizimaliza nyuma ya lile tangi.

Umeona bahasha ilivyovimba. Ni kwa sababu nimeandika kwa herufi kubwa na nimeachanisha mistari, kazi yangu ni herufi, najua kuziweka zitulie. Usimpe wifi akusomee. Kaa na rula yako, polepole, ukichoka pumzika, hakuna anayekucheka. Na wewe ni mkubwa wangu. Kama nimepitisha maneno makali nisamehe ukali, lakini maneno yenyewe siyarudishi.

Nisalimie wifi sana, mwambie pasi yetu imekufa kwa hiyo gauni lake nitalivaa lilivyo. Watoto wasalimie mmoja mmoja. Jirani mwenye kuku anakusalimu, bado anadhani wewe ni daktari.

Kasuku naye anakusalimu. Anasema hotuba zako anazijua zote kwa moyo, amezisikia zinatosha. Sasa anataka akusikie ukisoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Brashi